Kamera Yenye Mtu

Mimi ni mtu wa kutengeneza. Nilisoma mpaka darasa la tatu, mwalimu akanichapa kwa kosa la mtu mwingine, nikatoka na sikurudi. Yote niliyo nayo hapa Muthara nimeyapata kwa mikono hii: kinu cha kusagia mahindi, nyumba ya mawe, ng'ombe watatu na miraa kidogo. Kinu chenyewe nilikinunua kikiwa kimekufa. Mwenyewe alikuwa anakiuza kama chuma chakavu. Nilikaa nacho wiki tatu, nikakifufua, na hata leo asubuhi kimesaga. Kwa hivyo mtu akiniambia kitu kimeharibika, ninunue kingine, mimi humtazama kama mtu anayeniambia nibadilishe goti.

Nasema hivi mapema ili ujue kwamba ile kamera ya kompyuta haikunishinda kwa ujinga.

Kompyuta ilitoka kwa msichana wangu, kitinda mimba, aliye ng'ambo akitunza wazee wa watu wengine. Aliagiza ya skrini kubwa kwa sababu macho ya mama yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na simu ndogo hazikumfaa. Juu ya skrini ikabanwa kamera, kitu cha ukubwa wa kiberiti, kina jicho moja. Kila Jumapili baada ya kanisa mama watoto aliketi mbele yake na kitambaa kipya kichwani, akaongea na msichana mpaka chai ikapoa. Alikuwa amepaka rangi ya kucha kwenye vitufe vya kubonyeza ili asikosee. Mimi sikuketi. Nilipita nyuma nikielekea jikoni, nikasema, "Msalimie huyo," basi.

Sikuketi kwa sababu nilikuwa na deni lisilolipwa kwa shilingi. Siku msichana aliposafiri, sikumbariki.

Kwetu mtoto hatoki kwenda mbali hivi hivi. Mzazi huchanganya asali na maji, akaweka mdomoni, akampulizia mtoto kwenye viganja na kifuani, fyuu, kama manyunyu. Mama watoto nilimtoa upande wa chini wa Embu, kwenye joto na mbuzi na mizinga ya nyuki, na kwao jambo hilo halina mchezo. Baba huanza, mama hufuata. Baba asipoanza, mama hana pa kufuata.

Mimi nilitaka msichana abaki na kinu. Ana kaka wawili, mmoja Nairobi, mwingine Maua kwa biashara ya miraa, na hakuna anayejua hata grisi inapakwa wapi. Yeye ndiye alikuwa na mkono. Akiwa mdogo alikuwa akisikiliza mashine akaniambia, "Baba, beringi ya kushoto inalia," na ikawa kweli. Aliponiambia amepata kazi ng'ambo, nilimwambia, "Ukienda, umeenda." Asubuhi ya safari mama yake aliweka bakuli la asali mezani. Nikasema mkanda wa kinu umekatika, wateja wananingoja, nikatoka. Mkanda haukuwa umekatika. Niliufungua mwenyewe nikaushika mkononi, nikasimama pale kwenye unga mpaka nikasikia gari limeondoka.

Miaka minne ikapita hivyo. Mama watoto hakunisema. Yeye hakuwa mtu wa kusema, alikuwa mtu wa kungoja.

Kuna siku moja ya katikati ya wiki nilitoka kinuni kutafuta spana, nikamkuta sebuleni mbele ya kompyuta, amesimama. Mtandao ulikuwa umeganda. Uso wa msichana ulikuwa umesimama kwenye skrini, macho yamefumba nusu, mdomo wazi, kama mtu aliyekatizwa akiimba. Mama watoto alikuwa na bakuli mkononi na kidevu kimelowa. Kioo cha skrini kilikuwa kinatiririka. Nikamwambia, "Wewe mama, sasa unalisha mashine? Hiyo ikiingia ndani utatengeneza wewe?" Akachukua leso yake, akapangusa kioo polepole, akasema, "Nimechoka kukungoja." Nikadhani anasema habari ya chakula. Nikachukua spana nikaenda.

Siku tatu baadaye alianguka karibu na hori la ng'ombe akiwa na ndoo mkononi. Walisema ni presha. Maji ya ile ndoo yalikuwa bado hayajakauka chini nilipofika.

Msichana hakuja kuzika. Karatasi zake hazikuwa tayari, akitoka kule hangeruhusiwa kurudi. Alitazama kwenye simu ya mtu mama yake akishushwa kaburini. Baada ya hapo nikaanza kuketi mimi. Jumapili ya kwanza nilivaa koti. Tukaongea habari ya ng'ombe, mvua, unga. Nilikuwa natazama vile vitufe vya rangi ya kucha na kubonyeza kwa kidole kimoja kama mtu anayepima joto la uji.

Jumapili ya nne au ya tano msichana alikatiza maneno katikati.

"Baba, ni nani huyo nyuma yako?"

Nikageuka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na hapakuwa na mtu.

"Hakuna mtu."

"Yuko mlangoni. Amesimama."

Kwenye kona ya skrini kuna kidirisha unachojiona wewe mwenyewe. Mimi sikuwa na tabia ya kujitazama, uso wangu naujua. Siku hiyo nikatazama. Nyuma yangu, pale pale mama watoto alipozoea kuegemea akingoja tumalize kula, kulikuwa na kivuli. Kilikuwa na kichwa kipana kama kichwa kilichofungwa kitambaa, bega moja chini, bega moja juu. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Nikasogeza kiti, hakikusogea. Nikainuka nikasimama mlangoni mwenyewe, kikawa juu yangu, tumesimama mahali pamoja.

Mimi ni Mkristo, tena mzee wa kanisa. Siamini mizimu. Lakini tangu siku hiyo nilianza kugonga mlango wa jikoni kabla ya kuingia.

Utaniuliza, wewe fundi wa vinu, mbona hukuchukua kitambaa ukapangusa lile jicho? Swali zuri. Nilijiuliza hata mimi. Lakini ile kamera ilikuwa mahali alipoiacha mama watoto, imeinama kidogo kwa kimo chake, na tangu afe hakuna mkono ulioigusa isipokuwa sisimizi. Sisimizi walikuwa wanapanda mstari mmoja kwenye mguu wa meza, wakapitia ubavu wa skrini mpaka juu, wakashuka tena. Nilipaka mafuta ya taa kwenye miguu ya meza, wakapitia ukutani. Na nikwambie ukweli: niliogopa kwamba yupo, halafu nikaogopa zaidi kwamba nikipangusa ataondoka. Jumatatu mpaka Jumamosi nilikuwa mgane. Jumapili saa nane mchana, kwa muda wa nusu saa, kulikuwa na mtu mlangoni.

Msichana hakuona hivyo. Alikuwa na mimba, ya kwanza, na ilikuwa imefika mahali mtu anashika kiuno akiinuka.

"Baba, mimi siwezi tena," aliniambia. "Nikikupigia namwona mama amesimama na haongei. Usiku silali. Naogopa kwenda hospitali ya kuzaa. Tengeneza hiyo kamera, ama ununue nyingine."

"Hii ni ya mama yako."

"Najua ni ya mama. Si mimi niliinunua?"

"Haina ubovu. Unaonekana, naonekana."

"Anaonekana pia! Baba, una kichwa kigumu kama jiwe la kinu."

"Jiwe la kinu ndilo lilikulisha."

Akakata. Jumapili iliyofuata nikampigia, hakushika. Nyingine tena, hakushika. Niliketi na koti langu mbele ya skrini tupu, mimi na yule wa mlangoni kwenye kidirisha. Ndipo nikaelewa kwamba hii ndiyo "ukienda, umeenda" yangu, imerudi kwa mlango wa mbele. Msichana angezaa akiwa na hofu, peke yake, na mimi nimekaa na kivuli.

Jumatatu nikaifungua ile kamera, nikaiviringisha kwenye kitambaa cha mama watoto cha kanisani, nikaenda mjini Makutano.

Fundi wa kompyuta niliyeelekezwa kwake alikuwa mama mmoja wa makamo, mnene, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, anatafuna njugu. Duka lake lilikuwa limejaa matumbo ya kompyuta.

"Mzee, umetoka wapi na hii?"

"Muthara."

"Muthara yote hiyo, kwa kamera? Hii bei yake ni jogoo mmoja, tena jogoo mwenyewe awe anakohoa. Si ununue nyingine?"

"Sinunui kitu ambacho ninacho."

"Haya. Inaumwa nini?"

"Ina mtu."

Akaacha kutafuna. "Ina nini?"

"Iunganishe utaona."

Akaiunganisha kwenye skrini yake, akaigeuza ikamtazama. Akatokea yeye, mashavu na miwani, na rafu za vyuma nyuma yake. Na kwenye bega lake, katikati ya zile rafu, akatokea mama watoto. Alikuwa amesimama vile vile. Kichwa kipana, bega moja chini. Nilikuwa nimejidanganya njia nzima kwamba ni kivuli cha mlango wangu, mwanga wa dirisha langu. Sasa tuko Makutano, malori yanapiga honi nje, na yeye amekuja. Sikujua nifanye nini. Nikavua kofia.

Yule mama akageuka nyuma, akatazama rafu zake, akanitazama mimi na kofia yangu mkononi.

"Mzee, huyu umekuja naye?"

"Nimekuja naye."

Hakucheka. Aliichomoa kamera, akavaa miwani, akaileta chini ya taa. Akakwaruza lile jicho la kamera kidogo kwa ukucha, akanusa ukucha.

"Hakuna mtu, mzee wangu. Tulia. Ni uchafu umekauka. Hii ni asali. Nani alikuwa anakula asali mbele ya kompyuta? Na juu ya asali kumeshika vumbi jeupe. Hii ni nini, simiti?"

"Ni unga," nikasema. "Unga wa mahindi. Ni wangu."

"Basi umepona. Nafuta kwa spiriti, unaenda nyumbani, na hata pesa sitaki."

Alishika pamba. Pamba ilikuwa imelowa na imefika karibu na lile jicho nilipomshika mkono. Nilimshika kwa nguvu, nakiri, kama mtu anayezuia mkanda wa kinu usimle mtoto.

Kwa sababu ndipo nilipomwona. Sikumwona kwenye skrini, nilimwona kichwani mwangu: bakuli mkononi, kidevu kimelowa, kioo kinatiririka juu ya uso wa msichana ulioganda. Alikuwa amemngoja baba aanze, miaka minne, baba hakuanza. Mwili wake ulikuwa umemwambia kitu ambacho hakutuambia sisi. Akachukua asali akampulizia mtoto wake kwenye kioo, bila mwanzo wangu, wakati mtandao umesimama na mtoto haoni. Alipangusa skrini kwa sababu nilimfokea. Kamera hakuipangusa, ilikuwa juu, na macho yake yenye ukungu hayakuiona asali pale. Halafu mimi nikaketi pale Jumapili baada ya Jumapili na unga wangu kwenye nywele na kwenye koti, ukaenda kushika penye asali yake.

Nimechoka kukungoja. Chakula! Ati nilidhani ni chakula.

"Mzee," yule mama akasema taratibu, "niachie mkono. Unaniumiza."

Nikamwachia. "Usifute."

"Sasa tufanyeje? Kufuta hutaki, kununua hutaki."

"Nipe mpya."

"Na hii?"

"Hiyo haijaharibika."

Nafikiri aliona jambo, maana hakuuliza tena. Aliirudisha ya zamani kwenye kitambaa yeye mwenyewe, akakunja pembe nne vizuri, kama mtu anayefunga sadaka. Hivyo ndivyo mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilivyonunua kitu kipya mahali pa kitu kinachofanya kazi.

Jumapili nilimpigia msichana kwa simu yangu ya kabambe, ile ya vitufe.

"Nimenunua nyingine."

"Wewe? Umenunua?"

"Nimenunua."

"Baba, unaumwa?"

"Fungua hiyo kompyuta yako, wacha maneno."

Akafungua. Kamera mpya ilikuwa kali kama macho ya polisi. Alitokea akicheka, tumbo limefika mezani.

"Uui, Baba, umezeeka!"

"Kamera ya siku hizi haina adabu."

Akacheka tena, halafu nikaona macho yake yanahama kutoka kwangu yakaenda nyuma yangu. Nikajua anatazama wapi. Nikatazama kidirisha. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Sufuria zilikuwa zimening'inia mahali pake. Kigoda, kibuyu, kalenda ya kanisa. Kila kitu kilionekana, mpaka msumari ukutani.

"Hakuna mtu," akasema.

"Hakuna."

"Ndivyo nilitaka."

"Ndivyo ulitaka."

Tulikaa, yeye kule na mimi huku, tukitazama mlango usio na mtu, na sijawahi kuona nyumba yangu ikiwa tupu vile. Hata siku ya mazishi haikuwa tupu hivyo.

Basi nikamwambia. Sijui kuongea vizuri, nilisema kama mtu anayepakua mawe. Nikamwambia habari ya bakuli, na uso wake ulioganda, na leso, na vile nilivyomfokea mama yake. Nikamwambia asali ilikauka wapi, na unga ulitoka wapi. Alisikiliza akiwa amefunika mdomo kwa mikono miwili.

"Iko wapi?"

"Iko hapa mezani. Haijafutwa."

"Irudishe."

"Si unaogopa?"

"Baba. Irudishe."

Nikachomoa mpya, nikarudisha ya zamani. Niliiinamisha kidogo kwa kimo cha mama watoto. Kivuli kikarudi mlangoni, bega moja chini. Msichana alitazama muda mrefu. Sikumwambia kwamba mimi bado niliogopa, na kwamba kujua ni asali hakukuondoa baridi mgongoni. Hakujaondoa mpaka leo.

"Yupo," akasema.

"Kuna jambo lingine," nikamwambia. "Siku ile uliyosafiri, mkanda haukuwa umekatika."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Mkanda wa kinu ukikatika unapiga kelele kama bunduki, Baba. Si wewe ulinifundisha? Sikusikia kitu. Tulikungoja kwenye gari mpaka dereva akakasirika."

Niliinuka, nikagonga mlango wa jikoni, nikaingia. Asali yake ilikuwa bado kwenye rafu, ndani ya chupa, imeganda kama mafuta ya ng'ombe. Nilimimina maji ya uvuguvugu kwenye lile bakuli lake, nikakoroga kwa kidole. Mdomo wangu ulikuwa mkavu hata ulimi ukanata. Nilikunywa kidogo ya kwanza, hiyo ilikuwa yangu. Ya pili nikaibakiza mdomoni nikarudi sebuleni.

Msichana aliponiona mashavu yamejaa alielewa. Aliinamisha kichwa, akanyoosha viganja vyote viwili kuelekea kwangu, wazi, juu ya lile tumbo, kama mama yake alivyomfundisha akiwa mdogo kule kwa bibi yake Embu.

Mimi ndiye nilipaswa kuanza. Nimefuata. Nikasimama mbele ya mashine, nikapuliza.

Asali ilipiga kioo, ikapiga kamera, ikanirudia kwenye koti. Kwenye kidirisha nikajiona nikipotea: kwanza uso, kisha mabega, kisha mlango na aliyekuwa mlangoni, mpaka kote kukawa rangi moja ya chai ya maziwa.

"Baba," aliita, kichwa bado chini. Kisha akainua macho. "Baba, sikuoni."

"Na mama yako?"

"Sioni mtu. Naona rangi tu."

"Mimi nakuona," nikamwambia, nikainua bakuli tena. "Usishushe mikono. Sijamaliza."